Konokono, Mnyoo na Amana ya Maji

Khutba ya Ijumaa iliyotolewa katika msikiti wa chuo, wiki ya mwisho kabla ya likizo

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyejaalia kila kilicho hai kitokane na maji. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake, na kila anayefuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Wazee wetu, waalimu wetu, ndugu zangu na dada zangu katika imani, nawausia na naiusia nafsi yangu kwanza kumcha Mwenyezi Mungu, kwa siri na kwa dhahiri. Aliyefaulu ni yule aliyemcha Mola wake mahali ambapo hakuna anayemwona.

Leo nitazungumza juu ya konokono. Naona wengine mnatazamana. Lakini katika Suratul Baqara, aya ya 26, Mwenyezi Mungu ametufahamisha kwamba Yeye haoni haya kupiga mfano wa mbu na kilicho zaidi yake. Wenye kuamini hujua kwamba huo ni ukweli utokao kwa Mola wao, na waliokufuru huuliza Mungu alikusudia nini kwa mfano huu. Basi tusione haya sisi kumzungumzia konokono juu ya mimbari.

Ndugu zangu, mnakumbuka kwamba likizo iliyopita jumuiya yetu ilifanya safari ya daawa katika mwalo mmoja wa wavuvi, kando ya Ziwa Victoria. Nilikuwa miongoni mwa viongozi wa msafara. Tulilala siku tatu. Tuliwapelekea mikeka mipya na juzuu za watoto, tukafundisha namna ya kutawadha na kuswali, na watu walitupokea vizuri sana, Mwenyezi Mungu awalipe. Msikiti wao ni wa mabati. Hauna bomba wala choo. Wakati wa swala ukifika tuliteremka ziwani, tukasimama mpaka magotini, tukatawadha. Aliyehitaji kuoga alioga hapo hapo. Na aliyeshikwa na haja alfajiri aliingia kwenye matete yaliyo ukingoni. Nasema hili kwa aibu: mimi nilikuwa mmoja wao.

Baada ya wiki kama tano, wenzetu saba walianza kuumwa. Homa, kikohozi, tumbo la kuuma, vipele mwilini. Walidhani ni malaria, wakameza dawa za malaria, hali ikabaki vile vile. Mwishowe walipimwa damu na choo, wakaambiwa ni kichocho. Sikiliza hapa kuna fundisho. Homa ile huwapata zaidi wageni, watu ambao miili yao haijawahi kukutana na mdudu huyu. Wale watoto wa mwaloni tuliowafundisha alif na ba, wengi wao hawaugui homa ile. Wao hukaa nacho kimya kwa miaka, kikila maini yao taratibu.

Tangu siku ile nimejisomea, nikawauliza ndugu zetu wa kitivo cha sayansi na wale wa udaktari, na nimeona ni haki yenu niwaeleze nilichokipata.

Kichocho cha tumbo, ambacho ndicho kilichoenea zaidi katika Uganda yetu, kando ya Ziwa Victoria, Ziwa Albert, Ziwa Kyoga na mto Naili, huletwa na mnyoo aitwaye Schistosoma mansoni. Ni mnyoo wa urefu wa kama sentimita moja tu. Wakiwa wakubwa, dume na jike huishi ndani ya mishipa ya damu inayozunguka matumbo ya mwanadamu. Dume ana mfereji mwilini mwake, na jike hulala ndani ya mfereji huo kama panga ndani ya ala. Jike hutaga mayai kama 300 kila siku, na wanaweza kuishi hivyo miaka mingi. Baadhi ya mayai hutoboa ukuta wa utumbo na kutoka pamoja na choo. Mengine huchukuliwa na damu, yakakwama katika ini. Hapo mwili hupigana na kila yai, na penye pigano hubaki kovu. Makovu yakizidi, damu hukosa njia ya kupita ndani ya ini, tumbo hujaa maji, na mgonjwa huweza kutapika damu mpaka akafa. Mara ngapi mmemwona mtoto mwenye tumbo kubwa, watu wakanong'ona kwamba amerogwa?

Sasa tulifuate lile yai lililotoka. Likianguka nchi kavu, halina la kufanya, hufa. Likiingia katika maji baridi, hupasuka, na ndani yake hutoka kiluwiluwi kidogo mno kisichoonekana kwa jicho, chenye vinyweleo pande zote, nacho huogelea kwa vinyweleo hivyo. Wataalamu hukiita mirasidia. Kiluwiluwi hiki hakili kitu. Kimepewa akiba ya nguvu ya saa chache tu, haifiki hata siku nzima. Ndani ya saa hizo lazima kimpate konokono, tena si kila konokono. Mnyoo huu wa tumbo unamtaka konokono wa jamii ya Biomphalaria, yule mwenye gamba bapa lililojikunja kama kamba iliyozungushwa chini. Akikutana na wa jamii nyingine, safari imeishia hapo.

Akimpata wake, humtoboa ngozi na kuingia. Konokono naye hakuachwa bila silaha. Katika damu yake mna chembe zinazomzingira mgeni na kumwua, na wako konokono ambao kwa urithi wa wazazi wao hushinda vita hivi kila mara. Subhanallah! Kiumbe tunachokikanyaga bila kutazama kimewekewa askari ndani ya damu yake.

Lakini konokono aliyeshindwa, hali yake ni ya kusikitisha. Yule kiluwiluwi hugeuka mfuko, na mfuko huzaa mifuko mingine, nayo huenea mpaka kwenye tezi ya chakula na mahali pa mayai. Wataalamu wameona kwamba konokono aliyeingiliwa huharakisha kutaga mayai mengi siku za mwanzo, kama mtu aliyehisi kwamba mlango unafungwa. Kisha mlango hufungwa kweli. Anahasiwa akiwa hai. Anaendelea kutambaa, anaendelea kula majani yaliyooza, gamba lake bado liko mgongoni, na ukimtazama utasema huyu ni konokono kama wengine. Lakini chakula anachokula kinamlisha mwingine, na kizazi anachokitoa si chake.

Baada ya wiki kama nne hadi sita, konokono huyu huanza kumwaga majini viluwiluwi vya namna ya pili, vyenye mkia uliogawanyika mwishoni kama uma. Hivi huitwa sekaria. Hutoka mamia kwa mamia kila siku, hata maelfu, na hutoka zaidi mchana jua likiwa kali. Na mchana ndio wakati gani? Ndio wakati mama anafua, watoto wanaoga, mvuvi anasukuma mtumbwi, na Mwislamu anateremka kutawadha kwa ajili ya Adhuhuri. Sekaria huishi siku moja, kwa uchache sana mbili. Ikigusa ngozi ya mtu hupenya kwa dakika chache, ikaacha mkia wake nje, ikaingia katika damu, ikapita mapafuni mpaka kwenye ini. Huko hukua, dume na jike wakakutana, wakashuka kwenye mishipa ya matumbo. Baada ya wiki chache mayai huanza upya.

Ndugu zangu, izingatieni hesabu hii. Yai moja lililompata konokono mmoja hutoa maelfu ya sekaria. Ndiyo maana yule anayesema, "Ziwa ni kubwa, uchafu wangu mimi mmoja utafanya nini?" amekosea. Angekuwa sahihi kama uchafu ungepotea ndani ya maji. Huu haupotei, unapata wa kuuzidisha. Na Bwana Mtume (S.A.W.), katika Hadithi aliyoipokea Imam Muslim, alitufundisha kwamba mwenye kuanzisha mwendo mbaya hubeba mzigo wake na mfano wa mizigo ya wanaoufuata, bila wao kupunguziwa chochote. Kitendo cha dakika moja katika matete, asiyekuona mtu, kinaweza kumfikia mtoto usiyemjua, miezi miwili baada ya wewe kurudi chuoni kwako.

Jua pia kwamba wanadamu waliutazama ugonjwa huu kwa muda mrefu bila kuijua njia yake. Mayai yake yalionekana ndani ya maiti za kale za Misri zilizohifadhiwa tangu zama za mafirauni. Mwaka 1851, huko Cairo, daktari kutoka Ujerumani aitwaye Theodor Bilharz aliukuta mnyoo wenyewe alipokuwa akipasua maiti. Lakini ilipita miaka 64, mpaka 1915, ndipo Mwingereza Robert Leiper alipoonyesha huko huko Misri kwamba minyoo hii hupitia kwa konokono. Wajapani walikuwa wamekwisha kuonyesha jambo hilo kwa mnyoo wa kwao mwaka 1913. Muda wote huo kabla ya hapo mkulima wa Misri alisimama mfereji hadi mfereji, akikojoa damu, naye hajui kilichomwingia kilipita wapi.

Lakini kuna jambo ambalo Waislamu hawakuhitaji kumsubiri Bilharz wala Leiper. Imepokewa katika Sahihi mbili, kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama kisha akaoga humo. Na Abu Daud amepokea kutoka kwa Muadh bin Jabal (R.A.) onyo la Mtume juu ya mambo matatu yanayomletea mtu laana: kwenda haja kubwa mahali pa kuchotea maji, na njiani, na kivulini wanapopumzika watu.

Sitaki tuseme, kama wanavyosema baadhi yetu kwa haraka, kwamba Hadithi hii ilikuwa ikieleza habari za minyoo. Mtume hakuja kutufundisha majina ya wadudu. Alikuja kutufundisha haki. Mahali pa kuchotea maji pana haki za watu wengi, wanaokuja baada yako na hawana namna ya kujua ulifanya nini. Aliyeishika adabu hii bila kujua sababu alikuwa salama, na majirani zake walikuwa salama naye. Na sisi tuliokuwa tukiijua Hadithi, tukaisoma darasani, tukaihifadhi kwa mtihani wa madrasa, tuliingia kwenye matete.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Alhamdulillah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu.

Ndugu zangu, nimemsikia mtu akisema, "Haya ni kadari ya Mungu, watu wa ziwani wameandikiwa." Mjibuni kwa kisa cha Sayyidna Umar (R.A.), alipokuwa akielekea Sham akapata habari kwamba kuna tauni, akaamua kurudi. Aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Konokono ni kadari, na choo ni kadari. Mnyoo ni kadari, na dawa ni kadari. Mtume (S.A.W.) ametwambia kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na ponya yake.

Mwingine atasema, basi tuwaue konokono wote. Konokono ana kosa gani? Yeye naye ni mgonjwa katika jambo hili, na hakuna yai la mnyoo wa kichocho cha tumbo linalomfikia ila kwa sehemu kubwa limetoka kwa mwanadamu. Dawa za kuwaua zipo, na wataalamu huzitumia mahali pengine kwa uangalifu, lakini huua samaki pia, na samaki ndio riziki ya wale watu. Tazameni yaliyotokea Senegal. Mwaka 1986 ulikamilika ukuta wa Diama kwenye mto Senegal, ili maji ya chumvi yasipande mtoni na mashamba yapate maji matamu. Nia ilikuwa njema. Lakini maji yaliyopoa na kuwa matamu mwaka mzima, pamoja na mifereji ya kilimo, yaliwafaa konokono, na kamba wa mtoni waliokuwa wakiwala wakazuiwa njia yao ya kushuka kuzaa karibu na bahari. Kufikia 1988 kichocho cha tumbo kilionekana katika mji wa Richard-Toll, na baada ya miaka michache watu wengi wa mji ule walikuwa nacho. Katika Suratur Rum, aya ya 41, tumeambiwa kwamba ufisadi hudhihiri barani na baharini kwa yale iliyoyachuma mikono ya watu. Konokono hakujenga ukuta.

Enyi vijana wenzangu, mnaikumbuka Hadithi ya jahazi, iliyomo katika Sahihi Bukhari? Watu walipiga kura ndani ya jahazi, wengine wakapata tabaka ya juu, wengine ya chini. Wa chini walikuwa wakipanda juu kuteka maji, wakaona wanawaudhi wenzao, wakafikiri watoboe tundu katika sehemu yao. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka. Mara nyingi tunapoisoma Hadithi hii tunawatazama wale wa chini na tundu lao. Leo nawaomba tuwatazame wa juu. Wa chini walitaka kutoboa kwa sababu maji yalikuwa juu. Sisi wa chuoni tuna mabomba, tuna vyoo vya kuvuta maji, tuna birika za kutawadhia. Wa mwaloni hawana. Kumkataza mtu kwenda haja ziwani na hujamwonyesha pa kwenda, huko ni kumwachia tundu. Na sisi tuliwapelekea mikeka!

Kwa hiyo nina maombi manne kwenu kabla ya safari ya likizo hii.

La kwanza, mchango tunaokusanya safari hii uanze na choo. Choo cha shimo cha msikiti, mbali na ukingo, mahali ambapo mvua haitayasomba yaliyomo kuyapeleka ziwani. Mikeka ile tuliyopeleka ingali mizima. Wale wa uhandisi watusaidie kuchagua mahali, na sote tuliobaki tushike majembe. Kuondoa cha kudhuru njiani ni katika matawi ya imani, na njia ya maji ni njia pia.

La pili, maji ya udhu. Maji ya ziwa ni tohara, udhu wetu ulisihi, hakuna haja ya kurudia swala. Lakini si lazima kuingia humo ndipo utawadhe. Tununue tangi lenye bomba. Maji yakitekwa na kukaa ndani ya tangi siku mbili, bila konokono ndani yake, sekaria zilizomo zitakuwa zimekufa. Maji ya kisima kirefu au yaliyochemshwa ni salama vile vile. Msidanganyike kwamba kujifuta kwa taulo haraka kunatosha.

La tatu, dawa. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, na Uganda imekuwa ikiigawa kwa wananchi wa kando ya maji tangu mwaka 2003. Kuna uvumi kwamba inaharibu uzazi. Uvumi huo ni uongo, na aliyesoma ana wajibu wa kuukanusha. Wengine humeza wakahisi kizunguzungu au tumbo kuchafuka, basi husema ni sumu; mwambieni mtu ale kwanza, kisha ameze. Dawa hii huwaua minyoo wakubwa, wachanga huwaacha, ndiyo maana wenzetu saba waliambiwa warudi wameze tena. Wala haizuii kuambukizwa upya. Ukimeza leo na kesho ukarudi kwenye maji yale yale, umeanza safari mpya. Na sote tuliokwenda, hata asiyeumwa, tukapime kabla ya kurudi kule. Sijui ni nani kati yetu alikuwa na mayai siku zile. Safari hii tusiende bila kujua.

La nne ni ulimi. Iko aina nyingine ya kichocho, ile ya mkojo, iliyoenea pwani na visiwani na sehemu nyingi za Afrika, ambayo hupitia kwa konokono wa jamii nyingine. Mayai yake huweza kukwama katika via vya uzazi vya mwanamke, akatokwa na damu, akapata maumivu, na hata akakosa mtoto. Ni wanawake wangapi wamedhaniwa zinaa kwa ugonjwa walioupata wakifua nguo za waume zao mtoni? Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Hujurat tujiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Dada akikwambia anaumwa, mpeleke hospitali. Usimpeleke kwenye mabaraza ya watu.

Mwisho, ndugu zangu, irudieni hali ya yule konokono. Anatembea, anakula, gamba lake linang'aa, na ndani yake anatumikiwa mwingine. Kila mmoja wetu ajiulize kuhusu elimu anayoibeba. Mtu anaweza kuvaa kanzu safi, kuhifadhi Hadithi, kuongoza msafara wa daawa, na ndani yake kinachokula ni uvivu na kujipenda, mpaka elimu ikawa haizai. Nasema haya nikijisema mimi.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyafanya tukijua na tusiyoyajua. Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, waponye watoto wa mwaloni, na utujaalie tuwe sababu ya afya yao wala tusiwe sababu ya maradhi yao. Yabariki maji yetu, ibariki riziki ya wavuvi wetu, na utuwezeshe kuitunza amana uliyotuachia. Ewe Mola wetu, tupe mema duniani na mema akhera, na utukinge na adhabu ya Moto. Amin.

Simameni kwa swala. Na baada ya swala, daftari la michango ya choo liko mlangoni kwa mweka hazina.